Je, Msuli Umeonekana?

Ripoti ya patholojia ya kibofu cha mkojo mara nyingi haizidi nusu ukurasa. Mgonjwa hukabidhiwa ndani ya bahasha, huifungua akiwa bado kwenye benchi la kusubiria, na macho yake hukimbilia neno moja tu: saratani. Akishaliona hilo, yaliyobaki humpita. Ndugu aliyemsindikiza huuliza swali ambalo kila familia huuliza, kwamba imefika hatua ya ngapi. Ni swali la haki. Lakini ripoti ile imejibu maswali matatu, wala si moja, na uzito wa majibu yote huenda umebebwa na sentensi fupi ya mwisho ambayo hata baadhi ya madaktari huipita haraka: kwamba katika vinyama vilivyoletwa maabara, msuli wa kibofu umeonekana, au haukuonekana.

Sura hii ni ya sentensi hiyo. Kuifikia kunahitaji kwanza tuujue ukuta wa kibofu.

Ukiupasua ukuta huo kutoka ndani kwenda nje unakutana na matabaka manne. La kwanza ni utando wa ndani, ambao wataalamu huuita urothelia. Ni safu tano hadi saba za seli, na juu kabisa kuna seli kubwa, pana, zinazoitwa seli za mwavuli, ambazo kazi yake ni kuuzuia mkojo usirudi mwilini. Kibofu kikijaa, mililita 400 hadi 500 kwa mtu mzima, safu hizo hutanuka na kuwa nyembamba; kikimwagwa hurudi na kurundikana. Chini ya urothelia kuna tishu laini yenye mishipa midogo ya damu na ya limfu. Chini yake ndipo ulipo msuli wenyewe, mnene, wenye mafungu yanayopishana kila upande, ule unaojikaza tunapokojoa. Nje ya msuli ni mafuta, na baada ya mafuta wamekaa majirani: tezi dume kwa mwanamume, mfuko wa uzazi na uke kwa mwanamke, utumbo, na ukuta wa nyonga.

Jambo moja katika mpangilio huo linabeba karibu kila kitu kitakachofuata. Urothelia yenyewe haina mishipa ya limfu wala ya damu kati ya seli zake. Seli ya saratani iliyomo ndani ya safu zile haina njia ya kusafiri. Ikishateremka kwenye tishu laini, njia inaanza kuonekana. Ikiingia msulini, ina njia nyingi.

Swali la kwanza la ripoti ni la asili: uvimbe huu umetokana na seli za aina gani? Mwaka 2022 watu zaidi ya 600,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya kibofu, na Ulaya na Amerika Kaskazini takriban tisa katika kila kumi wana ile inayoanzia kwenye urothelia. Chanzo chake kikubwa ni sigara. Kemikali za moshi huchujwa na figo, zikaingia kwenye mkojo, na mkojo ukakaa kibofuni kwa saa nyingi ukigusana na utando ule. Njia hiyo ilianza kutambuliwa viwandani kabla ya kutambuliwa kwa wavutaji: mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza habari za wanaume watatu wenye uvimbe wa kibofu, wote wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza rangi ya fuksini. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1938, Wilhelm Hueper aliwapa mbwa mojawapo ya kemikali za viwanda hivyo, naftilamini, na mbwa wale wakaota uvimbe kibofuni. Kemikali za jamii hiyohiyo zimo katika moshi wa sigara.

Uvimbe wa kawaida wa urothelia hauoti kama kinundu. Tangu mwaka 1877, Max Nitze wa Ujerumani alipoonyesha chombo chembamba chenye mwanga nchani mwake cha kuchungulia ndani ya kibofu, madaktari wameuona ukiwa hai mahali pake. Ni kama mwani: kishina chembamba kimeshika ukuta, na juu yake matawi laini yanayumba majini kila maji ya kusafishia yanapopita. Kila tawi lina mshipa mdogo wa damu katikati na limevikwa safu za seli. Tawi likikatika mgonjwa hukojoa damu, bila maumivu, siku moja au mbili, kisha mkojo unasafika na mtu anasahau. Naomba msomaji asisahau. Damu ya namna hiyo kwa mtu mzima, hata ikija mara moja tu, inastahili kuchunguzwa.

Aina nyingine ni chache, ila hazilingani na hiyo hata kidogo. Kuna saratani ya seli za tezi, ambayo mara nyingine huanzia kileleni mwa kibofu, kwenye mabaki ya mrija uliokiunganisha na kitovu mtoto akiwa tumboni mwa mama. Mwanapatholojia akiiona hulazimika kujiuliza kama haikutoka kwenye utumbo mpana au tezi dume ikavamia kibofu. Kuna ile ya seli ndogo, kali sana, ambayo hutibiwa kwa dawa za mishipani kwanza kabla ya kisu. Na kuna saratani ya seli bapa, ambayo kwetu Afrika ina historia ndefu kuliko zote. Nitairudia, maana hiyo huvuruga hesabu nyingi zilizopangwa kwa ajili ya ile ya kwanza.

Swali la pili ni la tabia. Seli zimeharibika kiasi gani? Hapa ndipo panapotolewa daraja, na darubini ndiyo mwamuzi. Kinyama hulowekwa kwenye formalini, kikaingizwa kwenye nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vikatiwa rangi ya zambarau na ya waridi. Mwanapatholojia anatazama kama safu bado zina utaratibu, kama viini vya seli vinafanana ukubwa na vinaelekea upande mmoja, kama vimekolea rangi kupita kawaida, na kama seli zinagawanyika chini tu, karibu na mizizi, au zinagawanyika hadi juu ambako hazikupaswa kugawanyika tena.

Wazo la kuyageuza matazamio hayo kuwa namba lilisukumwa na Albert Broders wa Mayo Clinic, Marekani. Alianza na saratani za mdomo, na mwaka 1922 akachapisha kazi yake juu ya viungo vya mkojo na vya uzazi, akizigawa saratani katika madaraja manne kwa kadiri seli zake zilivyoacha kufanana na seli za kawaida. Nusu karne baadaye, mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa madaraja matatu kwa uvimbe wa urothelia. Mpango huo ulikuwa mwepesi kujifunza, ndiyo maana ulidumu. Kasoro yake ilikuwa daraja la kati. La 1 lilikuwa wazi, la 3 lilikuwa wazi zaidi, na kila kilichomtatiza mwanapatholojia kilipewa la 2. Daktari aliyepokea ripoti ya daraja la 2 alibaki pale alipokuwa, kwa kuwa ndani yake walichanganywa watu ambao uvimbe wao ungerudirudi bila kuwadhuru sana na watu ambao ungewaua.

Mwaka 1998 wataalamu wa patholojia ya njia ya mkojo walikubaliana kulivunja daraja la kati. Uvimbe wa matawi ukagawanywa upya, na Shirika la Afya Duniani likaupokea mgawanyo huo mwaka 2004. Ngazi ya chini kabisa ni papiloma, isiyo saratani. Inafuata ngazi yenye jina refu la kutahadhari, uvimbe wa matawi wenye uwezekano mdogo wa kugeuka hatari, ambao waliotunga walikataa makusudi kuuita saratani, ili mtu asibebeshwe neno hilo maisha yake yote kwa uvimbe ambao karibu haujawahi kuua. Juu yake ipo saratani ya daraja la chini, na mwisho saratani ya daraja la juu. La 2 la zamani likatawanyika: wengine wakashuka, wengine wakapanda. Mgonjwa aliyepimwa mwaka 1990 na kuambiwa ana daraja la 2 hawezi kujua leo angeitwaje mpaka kinyama chake kitazamwe upya.

Mpango mpya nao haukumaliza ubishi. Wanapatholojia wawili hodari wakitazama slaidi moja, mara nyingine mmoja huandika la chini na mwenzake la juu, na wote wana sababu. Uvimbe wenyewe huchangia ugumu huo, kwani tawi moja linaweza kuwa tulivu na la jirani limevurugika. Toleo la mwaka 2022 la Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: sehemu iliyovurugika ikifika asilimia 5 ya uvimbe, wote uhesabiwe wa daraja la juu. Huko Ulaya miongozo inaruhusu mipango yote miwili itumike, wa 1973 na wa sasa, na hospitali nyingi huandika yote kwenye ripoti moja. Msomaji akikuta namba na maneno vimekaa pamoja, asidhani ni kosa la uchapaji.

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo ndugu wa mgonjwa alikuwa akiliuliza bila kujua linatoka wapi.

Mwaka 1946, huko Baltimore, Hugh Jewett na George Strong walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 107 za watu waliokuwa na saratani ya kibofu. Waliuliza jambo moja: uvimbe ulikuwa umezama kiasi gani ukutani, na je, ulikuwa umeshasambaa mwilini? Wale ambao uvimbe ulikuwa bado juu ya msuli hawakukutwa na saratani mahali pengine. Wale ambao ulikuwa umepenya hadi kwenye mafuta, karibu robo tatu walikuwa nayo. Walioishia msulini walikuwa katikati, karibu zaidi na kundi la kwanza. Ulikuwa uchunguzi mdogo, na kundi la kwanza lilikuwa na watu wachache mno, lakini sijui kazi nyingine ya enzi ile iliyosema jambo kubwa hivyo kwa kutumia tu rula na darubini. Kina cha uvimbe kilionekana kutabiri maisha ya mtu kuliko ukubwa wake machoni.

Mpango wa herufi T, N na M uliojengwa na Mfaransa Pierre Denoix kuanzia miaka ya 1940 uliuchukua ukweli huo na kuufanya lugha ya dunia nzima. Kwa kibofu, Ta ni uvimbe wa matawi uliobaki ndani ya urothelia. T1 umeteremka kwenye tishu laini. T2 umeingia msulini, T3 umetokeza kwenye mafuta, na T4 umewafikia majirani. N huhesabu tezi za limfu za nyonga, na M huonyesha kama saratani imeshahamia mbali.

Daraja na kina ni vipimo viwili, na kuvichanganya ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Uvimbe wa Ta unaweza kuwa wa daraja la chini au la juu. Wa T1 na kuendelea, kama ni wa urothelia, karibu wote ni wa daraja la juu, kwa hiyo huko chini neno daraja halimwongezei daktari habari nyingi. Daraja lina kazi kubwa pale juu, kwenye Ta, ambako linatenganisha uvimbe utakaorudi kama ulivyokuwa na uvimbe utakaorudi ukiwa umebadilika.

Kuna mmoja unaokataa mpango huu wa ngazi, nao unastahili aya yake. Mwaka 1952 Meyer Melicow wa New York alichunguza vibofu vilivyoondolewa kwa upasuaji, akaacha uvimbe wenyewe na kuutazama utando uliokuwa kati ya uvimbe na uvimbe, ule ambao machoni ulionekana mzima. Akakuta saratani. Haikuwa na matawi wala kinundu. Seli zilizovurugika zilikuwa zimejipanga tambarare ndani ya urothelia. Huandikwa Tis. Kwa kina, haijavuka chochote. Kwa daraja, siku zote ni la juu. Mtu akiambiwa kwamba saratani yake haijapenya popote hufurahi, na kwa aina hii furaha hiyo ni ya mapema, kwa sababu ikiachwa wengi wao huishia kuvamiwa msuli. Bahati nzuri seli zake hazishikani vizuri, hubanduka na kutoka na mkojo. Daktari George Papanicolaou, anayejulikana zaidi kwa kipimo cha mlango wa kizazi, alikuwa ameshaandika na Victor Marshall mwaka 1945 kwamba seli za saratani zinaweza kuonekana kwenye masimbi ya mkojo. Na dawa inayoishinda mara nyingi ni chanjo ya BCG, ileile ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi mwa watoto wetu. Alvaro Morales na wenzake wa Kingston, Kanada, walieleza mwaka 1976 jinsi walivyoiingiza kibofuni mara moja kwa wiki kwa wiki sita, na mpango huo wa wiki sita ndio unaoanziwa hadi leo.

Turudi kwenye sentensi ya mwisho ya ripoti.

Uvimbe wa kibofu hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Edwin Beer wa New York alifungua njia hiyo mwaka 1910 alipouchoma uvimbe kwa umeme kupitia chombo cha kuchungulia. Siku hizi hutumika kitanzi cha waya chenye umeme kinachokata vipande, na vipande hivyo huoshwa nje na kupelekwa maabara. Mwanapatholojia basi hapokei kibofu. Anapokea vipande vilivyochanganyika, vimelala kila upande, kingo zimeungua, na anatakiwa aseme uvimbe umefika wapi ndani ya ukuta ambao hauoni.

Akiona uvimbe kwenye tishu laini na katika vipande vyote hakuna hata kimoja chenye msuli, ataandika T1, kwa kuwa hicho ndicho alichokiona. Lakini hakuna aliyeingia chini zaidi kutazama. Harry Herr wa New York alionyesha mwaka 1999 maana ya pengo hilo kwa kuwarudisha wagonjwa chumba cha upasuaji na kuwakwangua mara ya pili. Kwa wale wa T1 ambao kinyama cha kwanza kilikuwa na msuli, takriban mmoja kati ya saba alikutwa kumbe saratani imeshaingia msulini. Kwa wale ambao kinyama cha kwanza hakikuwa na msuli, ilikuwa karibu nusu yao.

Karibu nusu. Kati ya T1 na T2 ndipo unapopita mstari wa kubaki na kibofu au kukipoteza. Wa T1 kwa kawaida hukwanguliwa, hupewa BCG, na hufuatiliwa kwa kuchunguliwa kila baada ya miezi. Wa T2 huelekezwa kwenye dawa za mishipani na upasuaji wa kuondoa kibofu, au mionzi kwa baadhi yao. Kibofu kikiondolewa, mara nyingi mkojo hupitishwa kwenye kipande cha utumbo mwembamba kinachotokezwa tumboni na kuvikwa mfuko. Hakuna mtu anayestahili kufikishwa huko bila sababu, na hakuna anayestahili kuachwa nyumbani na BCG wakati saratani iko msulini. Kwa hiyo maneno "msuli haukuonekana" hayapaswi kusomwa kama habari njema, kwamba msuli umesalimika. Maana yake ni kwamba kazi haijaisha. Miongozo ya Ulaya inataka mgonjwa wa namna hiyo akwanguliwe tena ndani ya wiki 2 hadi 6, isipokuwa kama uvimbe wake ni Ta wa daraja la chini, na hata huyu wa T1 mwenye msuli kwenye ripoti bado anarudiwa.

Na si kila nyuzi za msuli ni msuli. Ndani ya tishu laini, karibu na mishipa ya damu, kuna vijifungu vyembamba vya misuli ambavyo havina uhusiano wowote na msuli mkuu wa kibofu. Mtu asiye makini akikuta saratani imevizunguka anaweza kuandika T2 na kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji mkubwa ambao ugonjwa wake hauuhitaji. Mafuta nayo hupotosha. Kwa kuwa mafuta yapo nje ya kibofu, mwanagenzi akiyaona kwenye kinyama pamoja na saratani hudhani amefika T3. Kumbe vijisehemu vya mafuta hupatikana hata ndani ya tishu laini na katikati ya msuli, hivyo T3 haitamkwi kamwe kwa kinyama kilichokwanguliwa. Husubiri kibofu kizima au picha za mashine. Ripoti nzuri husema ni msuli upi, na kama umevamiwa au upo tu. Ripoti inayosema "msuli" bila zaidi imemwachia daktari kubahatisha.

Hayo yote yamejengwa juu ya saratani ya urothelia, ya mtu wa miaka sabini aliyevuta sigara. Mwambao wa Afrika Mashariki, kando ya mto Nile na katika mabonde mengi ya bara hili, kibofu kina adui mwingine.

Theodor Bilharz alikuwa daktari kijana wa Kijerumani katika hospitali ya Kasr el-Aini, Kairo, alipowakuta minyoo wa kichocho ndani ya mishipa ya damu ya maiti mwaka 1851. Minyoo hao, dume na jike aliyelala ndani ya mfereji wa mwili wa dume, huishi kwa miaka kwenye mishipa inayokizunguka kibofu. Jike hutaga. Mayai yenye mwiba mmoja mkiani hupenya ukuta ili yatoke na mkojo, yafike majini, yakamkute konokono wake. Mengi hayafiki. Hunasa ndani ya ukuta, mwili huyazingira kwa uvimbe wa miaka, na mwishowe hukauka na kujaa chokaa. Visiwani Unguja na Pemba ni kichocho cha mkojo pekee kinachoambukiza, na kuanzia mwaka 2012 visiwa hivyo vilikuwa uwanja wa jaribio kubwa la kukitokomeza kwa dawa, kwa kuua konokono na kwa kubadili mazoea ya watu. Kazi ya kila siku ya vita hiyo ni ya unyenyekevu: mililita 10 za mkojo wa mtoto, uliotolewa karibu na saa sita mchana ambapo mayai ni mengi, huchujwa, na mayai huhesabiwa moja moja. Yakifika 50, maambukizi huitwa makali.

Utando unaochomwa na mayai mwaka baada ya mwaka, huku bakteria wakizaliana ndani ya mkojo na kuzalisha kemikali zao zenye sumu, huacha kuwa urothelia. Hujigeuza kuwa kitu kinachofanana na ngozi, safu za seli bapa zinazotengeneza keratini, ambayo ndiyo huunda kucha na nywele. Mwaka 1911 A. R. Ferguson wa Kairo alieleza watu 40 waliokuwa na kichocho pamoja na saratani ya kibofu. Ilichukua hadi 1994 kwa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, kumweka mnyoo huyo kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitishwa, pamoja na sigara. Miaka 83 ni mingi mno kwa ugonjwa wa wakulima wa mpunga na wavulana wanaoogelea.

Saratani inayotoka huko ni ya seli bapa, na wagonjwa wake ni wa miaka arobaini na kitu, wakati watoto bado wako shule. Chini ya darubini, mara nyingi ni ya daraja la chini. Seli zimekomaa, zimepangika, zinatengeneza keratini kwa bidii, hata kuiviringisha katika duara zinazoitwa lulu. Aliyezoea kusoma madaraja ya urothelia angepumua. Lakini ukitazama kina, uvimbe huohuo kwa kawaida umeshaingia msulini siku unapogunduliwa, ukiwa mkubwa, umejaza nusu ya kibofu. Ajabu nyingine ni kwamba pamoja na kina hicho, tezi za limfu mara nyingi ni salama, pengine kwa sababu miaka ya makovu ya kichocho imeziba mishipa ya limfu. Daraja linasema jambo moja na kina jingine, na kina ndicho kinachosadikiwa. BCG haina kazi hapa. Mtu huyu anahitaji kibofu kiondolewe mapema, na kila mwezi aliozungushwa kutoka zahanati moja hadi nyingine akipewa dawa za maambukizi ya mkojo ni mwezi uliopotea.

Misri imeonyesha kwamba ramani hii hubadilika. Katika taasisi ya saratani ya Kairo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 saratani za seli bapa zilikuwa karibu robo tatu ya saratani zote za kibofu. Miaka ishirini na tano baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya theluthi, na za urothelia zimepanda juu yake. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ilikuwa imepunguza minyoo, na sigara ilikuwa imeongezeka. Aina ya saratani ilifuata kisababishi chake.

Sheria moja ya uainishaji inakuwa ngumu sana katika kipindi hiki cha mpito. Ili saratani iitwe ya seli bapa, uvimbe wote lazima uwe wa seli bapa. Pakipatikana kipande kidogo tu cha urothelia iliyogeuka saratani, huhesabiwa kuwa ya urothelia yenye sehemu bapa, na matibabu yake hubadilika, ikiwemo dawa za mishipani kabla ya upasuaji. Kinyama kidogo kilichong'olewa juu ya uvimbe mkubwa hakiwezi kuamua hilo. Mwanapatholojia makini husubiri kibofu kizima, hukata sehemu nyingi, na hutafuta pia mayai ya chokaa kwenye ukuta ulio kando ya uvimbe.

Hivi karibuni maabara za jeni zimeleta mgawanyo mwingine. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilikubaliana juu ya makundi sita ya saratani ya kibofu iliyovamia msuli, yanayotambuliwa kwa jeni zinazofanya kazi ndani ya seli, na tayari mabadiliko ya jeni iitwayo FGFR3 yana kidonge chake. Kwa hospitali nyingi za kwetu hilo bado liko mbali, na sioni haya kusema kwamba si hapo pa kuanzia.

Pa kuanzia ni fomu ya maombi inayofuatana na chupa ya formalini. Mara nyingi huwa na jina, umri na maneno mawili: "uvimbe kibofuni". Mwanapatholojia aliye mji mwingine hana njia ya kujua kama mgonjwa alikulia Pemba au Shinyanga vijijini akioga mtoni, kama amevuta sigara miaka thelathini, kama amewahi kupata BCG au mionzi iliyozibadili seli zake, uvimbe ulikuwa na matawi au tambarare, ulikuwa mmoja au mitano, na kama daktari aliona msuli wakati anakwangua. Daktari wa upasuaji anayakumbuka yote hayo akiwa bado amevaa glavu. Kuyaandika ni kazi ya dakika tatu. Na vipande vya chini kabisa, vile vya kitako cha uvimbe, vitiwe kwenye chupa yao peke yake, iandikwe hivyo ubavuni, ili mtu wa darubini ajue ni wapi pa kuutafuta msuli.